Rundo la Nafaka Iliyolowa: Haki ya Mnunuzi kutoka Soko la Madina hadi Soko la Mtandaoni

(Nakala ya darsa iliyotolewa baada ya sala ya Alasiri, kumi la kati la mwezi mtukufu wa Ramadhani, Uingereza)

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, Mola aliyeiweka mizani na akawaamuru waja wake wasiipunje. Rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad (s.a.w.), aliyekuwa mfanyabiashara mwaminifu kabla ya kupewa Utume, na ziwashukie ahali zake na Masahaba zake. Ama baad.



Swali la Bi mkubwa mmoja

Siku chache kabla ya mwezi huu kuandama, Bi mkubwa mmoja wa jumuiya yetu alitujia baada ya sala. Mama huyu ni mjane, na wengi wenu vijana mnaosoma hapa mmekula futari mikononi mwake. Alikuwa amenunua friza kwa njia ya mtandao ili ahifadhi vyakula vya Ramadhani. Picha zilikuwa nzuri, maelezo yalisema kitu ni kipya, na bei ilikuwa nafuu. Friza ikaletwa mpaka mlangoni, ikawashwa, ikanguruma. Akaijaza nyama ya mbuzi, samaki na sambusa alizozikunja kwa siku mbili. Siku ya nne akafungua kifuniko, akakuta nyama imelainika na maji ya damu yamejaa chini. Vyote vikatupwa.

Kaka yake akamwambia, "Dada, sema inna lillahi, uache. Ramadhani inaingia, usianze mwezi kwa ugomvi." Mjukuu wake akamwambia, "Bibi, sheria inakupa haki, acha niandike." Basi akatujia na kutuuliza, "Sheikh wangu, nikidai nitakuwa nimekosa subira?"

Tulimjibu kwa ufupi siku ile. Lakini swali lake lilistahiki jibu refu zaidi, kwa kuwa si lake peke yake. Karibu kila nyumba yetu ughaibuni hununua vitu kwa simu, na wengi wetu pia huuza. Kwa hiyo leo tumeona turudi nyuma katika historia, tuone haki ya mnunuzi aliyeuziwa kitu chenye kasoro ilianzia wapi, ilipitia njia gani, na imetufikiaje sisi tunaoishi katika nchi hii.

Soko la Madina

Imam Muslim amepokea katika Sahihi yake, kwa riwaya ya Abu Hurayra (r.a.), kwamba Mtume (s.a.w.) alipita sokoni kwenye rundo la chakula, yaani nafaka. Juu lilikuwa kavu na la kupendeza. Akaingiza mkono wake mtukufu ndani ya rundo, na vidole vyake vikakutana na unyevu. Akamuuliza mwenye nafaka ni jambo gani hilo. Yule bwana akajibu kwamba mvua imeinyeshea. Mtume (s.a.w.) akamuuliza kwa nini hakuiweka ile iliyolowa juu ili watu waione, kisha akatamka kwamba mwenye kughushi si katika watu wake.

Tulitazame tukio hili kwa makini. Mvua si kosa la mwenye nafaka, na Mtume (s.a.w.) hakumlaumu kwa mvua. Wala hakumkataza kuuza nafaka iliyolowa, kwani ina wanunuzi wake na ina bei yake. Alimlaumu kwa mpangilio: kikavu juu, kibichi chini. Kasoro ni jambo la dunia, haimwepuki mtu, lakini kuificha ni amali ya mtu mwenyewe. Na neno letu la Kiswahili, kughushi, limetoka katika neno lile lile la Kiarabu, ghishi, linalotumika katika hadithi hii.

Walikuwapo pia wafugaji waliomfunga mnyama chuchu kwa siku kadhaa bila kumkamua, kiwele kikajaa, na mnunuzi akadhani amepata mnyama wa maziwa mengi. Mtume (s.a.w.) akakataza jambo hilo. Akampa aliyekwisha nunua mnyama wa namna hiyo uchaguzi baada ya kumkamua: akitaka ambakishe, asipotaka amrudishe pamoja na pishi ya tende badala ya maziwa aliyoyapata. Katika baadhi ya riwaya muda wake ni siku tatu. Enyi ndugu, kiwele kilichojazwa kwa kamba na picha iliyopambwa kwa simu ni ndugu wa tumbo moja. Vyote viwili vinalihadaa jicho kabla mkono haujagusa.

Alikuwapo Sahaba aliyekuwa akipunjwa mara kwa mara katika biashara, ambaye wanazuoni wengi humtaja kwa jina la Habban bin Munqidh. Mtume (s.a.w.) hakumwambia kwamba mjinga ndiye aliwaye. Alimfundisha maneno ya kutamka kila anaponunua, yenye maana kwamba hapana kuhadaana, na katika riwaya nyingine akapewa siku tatu za kufikiri. Huu ni msingi mkubwa: aliye dhaifu sokoni huwekewa kinga, haachwi akajifunza kwa hasara.

Na imesimuliwa kuhusu Wathila bin al-Asqa (r.a.) kwamba mtu mmoja alimnunua ngamia jike mbele yake. Mnunuzi alipoanza kuondoka, Wathila akamfuata akamuuliza kama anamtaka kwa ajili ya nyama au kwa ajili ya safari. Aliposema ni wa safari, akamjulisha kwamba ngamia huyo ana kasoro katika ukwato. Muuzaji akakasirika kwamba biashara yake imeharibiwa. Wathila akajibu kwamba Mtume (s.a.w.) amemkataza muuzaji asifiche kasoro, na amemkataza pia mwenye kuijua asinyamaze. Tulikumbuke neno hili la mwisho, tutalirudia.

Msimamizi wa soko na vitabu vya fiqhi

Katika misingi hii wanazuoni wakajenga mlango mzima walioupa jina la khiyari ya aibu, yaani uchaguzi unaotokana na kasoro. Neno letu hiari lina asili moja na khiyari hii. Maana yake ni kwamba mnunuzi akigundua ila iliyokuwapo kabla hajakipokea kitu, ambayo inapunguza thamani yake na ambayo hakuijua, ana hiari ya kukirudisha na kuchukua fedha zake.

Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 676 Hijria, sawa na 1277 Miladia, ameufafanua mlango huu katika Minhaj, kitabu ambacho masheikh zetu wa pwani ya Afrika Mashariki wamekisomesha kizazi baada ya kizazi. Katika madhehebu yetu ya Shafii hiari hii ina sharti: mnunuzi arudishe kitu mara tu anapoijua kasoro. Kama ni usiku, au yumo katika sala au chakula, ana udhuru. Lakini akiendelea kukitumia kitu baada ya kuijua ila yake, haki yake ya kurudisha huanguka, kwa kuwa matumizi hayo ni dalili ya kuridhika.

Wauzaji nao, tangu zamani, walitafuta njia ya kujivua dhamana kwa kuuza kitu "kama kilivyo." Imam Malik amesimulia katika Muwatta kesi iliyompata Abdullah bin Umar (r.a.). Alimuuza mtumwa kwa dirhamu 800 kwa sharti la kutodaiwa kasoro. Zama hizo utumwa ulikuwapo, nasi watu wa pwani tunayajua machungu yake. Mnunuzi akalalamika kwamba mtumwa ana maradhi ambayo hakuambiwa. Wakafika mbele ya Khalifa Uthman bin Affan (r.a.). Uthman hakulichukua lile sharti kuwa ngao ya kila kitu. Alimtaka Ibn Umar aape kwamba alipouza hakujua maradhi yoyote. Ibn Umar akakataa kuapa, akamrudisha mtumwa kwake. Swali la Khalifa, basi, lilihusu kile alichokijua muuzaji siku ile ya kuuza.

Hukumu bila msimamizi ni karatasi tu. Ndiyo maana dola za Kiislamu zikamweka muhtasib, msimamizi wa soko. Al-Mawardi, aliyefariki mwaka 450 Hijria, sawa na 1058 Miladia, alieleza kwamba kadhi hungoja mdai amjie, ilhali muhtasib huukabili uovu ulio wazi bila kungoja mlalamikaji. Baadaye wakaandika al-Shayzari na Ibn al-Ukhuwwa vitabu vya kazi hiyo, biashara moja baada ya nyingine: waokaji mikate, wauza nyama, wauza dawa, washonaji, na hila zinazoweza kupita katika kila kazi. Na mnamo mwaka 1869 dola ya Uthmaniya ilianza kutoa Majalla, sheria ya miamala iliyopangwa kwa vifungu kutoka fiqhi ya Kihanafi, iliyokamilika mwaka 1876, nayo ikaweka kwamba mauzo yasiyo na sharti lolote yanataka kitu kisicho na kasoro.

Njia ya Waingereza

Sasa tuje katika nchi hii tunayoishi. Waingereza walianzia upande mwingine wa barabara. Kwao msingi wa zamani ulikuwa kwamba mnunuzi na ajihadhari mwenyewe. Mwaka 1603 ilihukumiwa kesi ambayo wanafunzi wa sheria wanaisoma hadi leo. Sonara mmoja aitwaye Chandelor alimuuzia Lopus jiwe kwa pauni 100, akisema ni bezoar, jiwe lililoaminiwa wakati huo kuwa huondoa sumu. Halikuwa hilo. Mnunuzi akashindwa, kwa sababu sonara alisema tu kwamba jiwe ni bezoar, wala hakutoa dhamana kwamba ni bezoar. Tofauti ya maneno mawili ikamla mtu pauni 100, fedha nyingi sana kwa zama zile.

Lakini haki ina njia zake za kutoka. Mwaka 1815, katika kesi ya hariri iliyouzwa bila mnunuzi kuikagua, jaji Lord Ellenborough alitoa hoja kwamba mtu hawezi kudhaniwa amenunua bidhaa ili akaimwage jaani. Maana yake ni kwamba, hata pasipo kutamkwa dhamana, bidhaa lazima iwe inauzika kwa jina lake. Kidogo kidogo majaji wakasogea. Mwaka 1893 Bunge likapitisha Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, iliyoandikwa na Sir Mackenzie Chalmers, ikaweka kwamba mfanyabiashara anapouza bidhaa za biashara yake anahesabiwa kuwa ameahidi ubora hata kama hakutamka.

Sheria hiyo ikasafiri na dola yao. Sheria za mauzo ya bidhaa za Kenya na Tanzania zimejengwa juu ya ile ya 1893. Na mahakama za kadhi nchini Kenya, kwa Katiba ya mwaka 2010, husikiliza mambo ya hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi, wala si mauzo. Hivyo ndugu zetu wengi wamekua wakidhani kwamba dini inahusu ndoa na mirathi, na kwamba friza mbovu ni habari ya serikali. Khiyari ya aibu ikabaki katika darsa za misikitini, na hata humo mara nyingi tunaupita mlango wa biashara haraka ili tufike kwenye mlango wa nikahi.

Hapa Uingereza, sheria ya 1893 ilikuwa na tundu kubwa: muuzaji aliweza kuandika katika mkataba kwamba dhamana zote zimeondolewa. Tundu hilo lilizibwa kwa upande wa mnunuzi wa kawaida kwa sheria ya mwaka 1973. Mwaka 1994 kipimo cha bidhaa "inayouzika" kikabadilishwa kuwa "ubora wa kuridhisha." Na tarehe 1 Oktoba 2015 ikaanza kutumika Sheria ya Haki za Walaji, ambayo ndiyo inayotuhusu leo. Tangu jiwe la Chandelor hadi siku hiyo ni miaka 412.

Hatusemi haya ili tujifaharishe. Fahari ya nini, ikiwa sisi tulipewa hukumu hii tangu soko la Madina, na leo Muislamu anapouziwa kitu kibovu na Muislamu mwenzake anakimbilia sheria ya Bunge ili apate haki yake? Mwenye taa akiizima, asimcheke jirani aliyekesha akitafuta kibiriti.

Soko lisilo na mlango

Mwezi wa Septemba 1995, mjuzi wa kompyuta aitwaye Pierre Omidyar, huko California, alianzisha ukurasa wa minada ambao baadaye uliitwa eBay. Kitu cha kwanza kuuzwa humo, kama kampuni yenyewe inavyosimulia, kilikuwa kielekezi cha leza, kifaa kidogo cha kuonyeshea kwa mwanga. Kiliuzwa kwa dola 14.83, nacho kilikuwa kibovu. Muuzaji akamwandikia mnunuzi kumuuliza kama ameelewa kwamba kifaa hakifanyi kazi. Mnunuzi akajibu kwamba ameelewa na anakitaka vivyo hivyo.

Tazameni, ndugu zetu: soko hilo kubwa lilifunguliwa kwa kitu kibovu kilichotangazwa ubovu wake. Nafaka iliyolowa iliwekwa juu, watu wakaiona, na mauzo yakasihi. Yaliyofuata mnayajua. Mnunuzi hamwoni muuzaji, hawezi kuingiza mkono katika rundo, na muuzaji huenda yuko bara jingine. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Leo kibaya hakitembei kwa miguu, kinatufuata ndani ya simu hadi kitandani.

Haki mikononi mwetu leo

Basi sheria ya nchi hii inatupa nini? Tutaje kwa ufupi, na kila mmoja amfikishie asiyekuwapo.

Kwanza, ukinunua kwa mfanyabiashara, bidhaa lazima iwe na ubora wa kuridhisha, ifae kwa kazi yake, na ilingane na maelezo. Ikiwa na kasoro, una siku 30 za kuikataa na kurudishiwa fedha zako zote. Zikipita siku hizo, muuzaji ana nafasi moja ya kutengeneza au kubadilisha. Ikishindikana, unaweza kuikataa au kupunguziwa bei. Na kasoro ikijitokeza ndani ya miezi 6, huhesabiwa ilikuwapo tangu mwanzo, hadi muuzaji athibitishe vinginevyo. Dai lako ni kwa muuzaji, wala asikutume kwa kiwanda.

Pili, ununuzi wa mtandaoni kwa mfanyabiashara una siku 14 tangu kupokea kitu, ambazo ndani yake unaweza kughairi hata bila kasoro, isipokuwa kwa vitu vichache kama vile vilivyotengenezwa kwa kipimo chako. Hii si khiyari ya aibu. Inafanana zaidi na zile siku za kufikiri, kwa kuwa mnunuzi hakuona wala hakugusa.

Tatu, na hapa wengi hujikwaa: ukinunua kwa mtu binafsi, anayeuza kiti chake au simu yake, sheria ni nyembamba. Kitu lazima kilingane na maelezo na kiwe mali yake kweli, lakini haidai kiwe na ubora wa kuridhisha. Kwa hiyo kabla ya kulipa, tazama unanunua kwa nani, uliza maswali kwa maandishi, na uyahifadhi majibu.

Nne, namna ya kulipa ni kinga. Sheria ya mikopo ya mwaka 1974 huifanya kampuni ya kadi ya mkopo iwajibike pamoja na muuzaji kwa kitu chenye bei inayozidi pauni 100 na isiyozidi pauni 30,000, ingawa malipo yakipitia mikononi mwa mtu wa tatu kinga hiyo huweza kukatika. Anayetuma fedha taslimu kwa asiyemjua ameivua kinga yake mwenyewe.

Tano, sheria ya mwaka 2024 imepiga marufuku maoni ya uongo kuhusu bidhaa, na imeipa mamlaka ya ushindani na masoko uwezo wa kutoza kampuni faini hadi asilimia 10 ya mapato yake ya dunia nzima, bila kwenda mahakamani kwanza. Huyu ni muhtasib kwa sura nyingine. Na hapa ndipo tunapomrudia Wathila. Ukiulizwa maoni kuhusu bidhaa, hiyo ni shahada. Ukiandika sifa za uongo kwa sababu umepewa kitu bure, umeshuhudia uongo. Na ukiijua kasoro ukanyamaza hali wengine wananunua, jiulize ungemjibu nini Wathila.

Sasa tumjibu Bi mkubwa wetu. Mama yetu, subira ni kuuzuia ulimi usitukane na moyo usikasirike kupita mpaka. Kuinyamazia haki yako hukulazimishwa. Mwenye haki akisamehe kwa moyo mkunjufu, ana ujira wake kwa Mwenyezi Mungu. Lakini wengi hatunyamazi kwa kusamehe. Tunanyamaza kwa sababu Kiingereza kinatutisha, au tunaona haya, kisha tunaipa haya yetu jina la subira. Na muuzaji aliyeachwa leo atamuuzia mwingine kesho. Mjukuu wake aliandika barua, yenye tarehe, picha za friza na picha za nyama iliyoharibika. Siku ya kumi na moja fedha zake zikarudi, na friza ikachukuliwa kwa gharama ya muuzaji. Hakuna aliyemtukana mwenzake.

Mizani yetu wenyewe

Hata hivyo tusitoke hapa tukiwa na mzani mmoja tu, ule wa kuwapimia wengine. Mwenyezi Mungu ameteremsha sura nzima kuwaonya wanaotaka kutimiziwa wanapopokea na kupunguza wanapowapimia watu.

Wapo wanaonunua nguo ya Iddi, wakaivaa siku ya Iddi lebo ikiwa imefichwa ndani ya kola, kisha wakairudisha ndani ya siku 14 kana kwamba haikuguswa. Siku hizo zimewekwa ili mtu akikague kitu kama ambavyo angekikagua dukani, hazikuwekwa ili tuazime nguo bila kumwambia mwenyewe. Huku nako ni kughushi, ingawa aliyeghushi ni mnunuzi.

Na sisi tunaowasemesha tuna deni letu. Miaka kadhaa iliyopita tuliuza gari letu kupitia kundi la simu la jumuiya. Tuliandika kwamba linauzwa kama lilivyo. Tulijua kwamba gia ya tatu hukwama asubuhi za baridi, na tuliuza katika mwezi wa Julai. Ndugu aliyelinunua alitujua kuwa ni imamu wake, kwa hiyo hakukagua sana. Sheria ya nchi isingetugusa, kwani tulikuwa watu binafsi na hatukuandika neno la uongo.

Baada ya muda tulikuwa tukisomesha Muwatta, tukaifikia kesi ya Ibn Umar mbele ya Uthman. Tuliposoma kwamba alitakiwa aape kuwa hakujua, ulimi ukatuwia mzito mbele ya wanafunzi. Sisi tulijua. Usiku ule tukampigia simu yule ndugu, tukamweleza, tukamwambia tuko tayari kulirudisha gari na kumpa fedha zake. Akacheka, akasema, "Sheikh, hilo gari niliuza zamani." Tukamuuliza alimwambiaje mnunuzi wake. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Nilimwambia nauza kama lilivyo, kama wewe ulivyoniambia."

Tulimlipa tofauti ya bei, naye akaahidi kumtafuta yule wa tatu. Hakumpata. Ndugu zetu, mpaka leo kuna mtu katika nchi hii ambaye huenda bado anasukuma ile gia asubuhi, wala hatulijui jina lake. Twamtolea sadaka kwa nia yake, na hatujui kama inatosha. Kasoro uliyoificha haibaki pale ulipoiacha. Huuzwa tena, pamoja na maneno uliyoifichia.

Kwa hiyo tunaomba mambo mawili kabla ya mwezi huu kwisha. La kwanza, vijana wetu wenye Kiingereza chepesi wakae nasi kila Jumamosi baada ya Adhuhuri, wawasaidie wazee na wageni kuandika madai yao, kwa adabu na kwa ukweli. La pili, kila anayeuza kitu katika kundi letu la jumuiya aanze tangazo lake kwa kutaja kasoro anazozijua, ndipo ataje bei. Tuiweke nafaka iliyolowa juu. Atakayeitaka atainunua kwa macho yake, na baraka itabaki.

Ewe Mola wetu, zitakase chumi zetu, utusamehe tuliyoyaficha, na utukutanishe na wenye haki zetu hapa duniani kabla hatujakutana nao mbele Yako. Zikubali saumu zetu, visimamo vyetu na futari za wanaotulisha. Amin.

Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.